Fundi wa Mifupa Anamwacha Mke Mwenza

Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, Fundi wa Mifupa anastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la makumbusho ya viumbe kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake, kwa wasiojua, ilikuwa kumsimamisha na kumtunza mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya ambaye mifupa yake imejaza ukumbi mkubwa kutoka mlangoni mpaka dirisha la nyuma. Wageni wengi huja kumtazama mamothi. Wanaomtazama Fundi ni wachache, kwa sababu kwa kawaida yuko chini ya tumbo la mnyama na miguu tu ndiyo inayoonekana.

Kamati ya kuaga iliwaomba watu wa ofisini waandike wasifu huu. Zikaja rasimu kadhaa, zote zikisema Fundi ni nguzo na ana mchango adhimu. Fundi akazisoma, akauliza huyo anayezungumziwa alikufa lini. Akasema aandike Bibi wa kantini, kwa kuwa ndiye anayejua amekula nini miaka yote hiyo. Basi naandika, na nitasema ukweli, maana mtu akiagwa kwa uongo huondoka na mzigo usio wake. Ukweli wa kwanza ni huu: mpaka Jumatatu ya wiki iliyopita hatukujua kama Fundi angeondoka hapa akiwa anasemezana na Mtafiti wetu. Miaka tisa walikuwa hawajaambiana hata "pole na kazi", na sababu yenyewe ilikuwa usoni kwa mamothi, imetokeza pande zote mbili, na kila mwenye tiketi aliiona.

Lakini tuanze mwanzo, tusije tukaonekana tunakimbilia ugomvi.

Fundi hakuja hapa kwa ajili ya mifupa. Alikuja kuchomelea geti. Alikuwa kijana mwenye mashine ya kuazima na suruali iliyotobolewa na cheche, na asubuhi hiyohiyo lori likaingia na makreti kutoka makumbusho ya nchi moja ya baridi, wenyewe walitupatia mamothi, wakachukua vipepeo wetu. Makreti yalikuwa mazito na wabebaji wachache. Mkurugenzi wa wakati ule akamwambia, "Kijana, hebu shika huku." Akashika. Anaachia Ijumaa hii. Geti mpaka leo halifungi vizuri.

Wataalamu walioongozana na makreti walikaa majuma machache. Walimfundisha kuunga uti wa mgongo kwenye chuma, wakasingizia chai yangu kuwa ndiyo inayowaumiza tumbo, wakaondoka kabla kichwa hakijapandishwa. Hilo la kichwa mlikumbuke. Yaliyobaki Fundi aliyafanya kwa mikono yake na kwa kuuliza. Mfupa mmoja wa kidole cha nyuma haukuwemo, akauchonga kwa mti. Msimwulize ni upi. Ameshausahau, na kila akiambiwa auonyeshe hushika mwingine.

Kwa sababu yake sisi wote hapa, kuanzia mlinzi wa mlangoni mpaka mkata tiketi, tunazijua habari za mamothi kama za jirani. Tunajua alikuwa binamu wa tembo hawa tunaowajua, wala hakuwapita kwa kimo kama watu wanavyodhani. Masikio yake yalikuwa madogo, kwa sababu sikio kubwa hupoteza joto, na kule kwao joto halikuwa kitu cha kuchezea. Begani alikuwa na nundu ya mafuta, akiba ya miezi ya njaa. Nywele za nje ndefu kama mkono wa mtu, na chini yake sufu fupi nene. Koti na fulana. Na chini ya mkia, mkia wenyewe mfupi, alikuwa na kifuniko cha ngozi cha kuziba kule nyuma ili baridi isiingie bila hodi. Hapo watoto wa shule huanguka kwa kicheko, na mwalimu wao hugeukia dirishani mabega yakimtikisika. Fundi hangoji wamalize. Huendelea kwa sauti ileile: "Na ndama wake walikula mavi ya mama yao, ili tumbo lijifunze kusaga majani." Basi ukumbi umekwisha. Nimemsikia akisema hivyo miaka yote hii, na sijamwona akitabasamu hata siku moja. Mimi kwa upande wangu naona kile kifuniko ndicho kiungo chenye akili kuliko vyote alivyopewa mnyama yule.

Husema pia kwamba kundi lilimfuata bibi, kama tembo wa leo wanavyofanya, kwa kuwa bibi ndiye anayekumbuka majani yako wapi mwaka wa shida. Akifika hapo hunitazama. Saa ya chai nami humwongezea sukari. Hatujawahi kulizungumzia.

Jina la Mke Mwenza lilitoka kwa mkewe, ambaye ni mshonaji na ulimi wake ni mkasi. Miaka ile ya mwanzo Fundi alikuwa akirudi nyumbani na vumbi la mifupa kichwani, anakula huku anasimulia mbavu. Siku moja mkewe akamletea chakula cha mchana, akamkuta amelala chali chini ya mnyama, anampapasa goti. Akaweka bakuli sakafuni, akasema, "Haya, kula naye. Mimi nyumbani nina nguo za watu." Tangu siku hiyo mamothi akawa Mke Mwenza. Baadaye nyonga zilipopimwa tukaambiwa mnyama ni dume. Tukajadiliana kumbadilishia jina, ikaonekana amekwisha kulizoea.

Na huyo mke mkubwa ndiye aliyemshonea mwenzake nguo. Fundi alitaka watoto washike manyoya, akisema mifupa mitupu haimwelezi mtoto habari za baridi. Mkewe akachukua katani kwa nywele za nje na sufu ya kondoo kwa fulana ya ndani, akashona kipande kikubwa kama mlango, akakitia rangi nyekundunyekundu. Mtafiti alipokuja akaeleza kwamba wekundu wa nywele zilizofukuliwa huenda ulitokana na kukaa ardhini mno, na kwamba mamothi wenyewe walikuwa wa rangi mbalimbali, wengi wao kahawia iliyoiva. Mshonaji akajibu, "Basi huyu alitia dawa ya nywele." Kipande kile kimeshikwashikwa mpaka kimeota upara katikati, na kimeshonwa upya mara nyingi kuliko magauni ya mshonaji mwenyewe.

Mwaka paa lilipovuja, mafundi wa paa walisema watakuja, na mkitaka kumjua fundi wa paa msikilizeni anaposema atakuja. Mvua ikashuka. Fundi akatoka nje, akavua turubai lililofunika gari la Mkurugenzi, akaja kumfunika Mke Mwenza. Dirisha la gari lilikuwa wazi. Akapewa onyo la maandishi. Akalikunja mara nne, akalitia chini ya mguu wa meza moja ya kantini iliyokuwa ikiyumba. Meza ile haijayumba tena, na ndiyo meza nitakayoisema sasa hivi.

Mtafiti alikuja kwetu msichana, ametoka chuo kikuu na viatu visivyofaa. Kichwa chake kilikuwa kizuri na bado ni kizuri, lakini mfupa wa kwanza aliubeba kama kuni. Fundi akamwambia, "Binti, beba kama mtoto wa mwenzio. Ukimwangusha wako utalia, ukimwangusha wa watu utahama mtaa." Akamfundisha brashi ipi inafuta na ipi inakwaruza, na namna ya kusikiliza mfupa kwa ukucha ujue una ufa. Naye Mtafiti akamletea Fundi yale yaliyokuwa yakigunduliwa huko nje. Alimweleza kwamba pembe zile kwa kweli ni meno yaliyotoka nje ya kinywa, na ndani yake zina duara kama shina la mti, msimu juu ya msimu. Siku nyingine akamweleza kwamba mamothi wa bara walipokwisha kufa, kundi dogo lilibaki kisiwani kule kaskazini, na lilikuwa bado hai wakati piramidi za mafarao zimekwisha kujengwa. Fundi akaiacha chai ikapoa. Kisha akasema, "Kumbe tumepishana kidogo tu." Alisema kama mtu aliyefika stendi akaona moshi wa basi.

Walikula meza moja, ile isiyoyumba. Fundi alimwita Binti, naye akaitwa Baba. Fundi ana wavulana wawili, watoto wazuri, wanauza simu, na mfupa wanaoujua ni wa kwenye supu. Mwenye macho aliona kwamba mrithi amepatikana, tena mkewe alimshonea Mtafiti koti la kazini bila kumpima, kwa jicho tu, kama anavyowashonea wanawe.

Sasa tufike kwenye pembe.

Kichwa kilipopandishwa, wale wataalamu walikuwa wamekwisha kupanda ndege. Pembe zilikuja zimeandikwa, moja kushoto, moja kulia. Fundi akasimama mbele ya mnyama, uso kwa uso, akachukua ya kushoto akaipeleka kushoto kwake yeye. Mtu yeyote aliyewahi kushona shati anajua kwamba mkono wa kushoto ni wa atakayelivaa, si wa anayelitazama. Fundi alikuwa mtu wa mageti. Geti halina kushoto kwake.

Kwa hiyo pembe zilizotakiwa kutoka nje kidogo, kupanda, na kujikunja ncha zikitazamana, zikafunguka pande zote mbili kama milango ya kabati. Siku ya uzinduzi mkewe alisimama mbele, akatazama kwa muda, akauliza, "Huyu angepitaje mlangoni?"

"Hawakuwa na milango," Fundi akajibu.

"Kwenye miti je?"

"Waliishi kwenye nyasi tupu. Miti haikuwepo."

Mkewe akanyamaza. Kunyamaza kwa mke wa mtu si kukubali, ni kuweka akiba.

Pembe zikapendwa. Fundi akawa anawaambia wageni kwamba Mke Mwenza amefungua mikono kuwakaribisha. Zikachorwa kwenye nembo ya getini, kwenye tiketi, kwenye vikombe. Vikombe hivyo ninavyo mimi kantini, na navijua, vina mpini mbovu.

Mwaka wa tatu wa Mtafiti hapa, Fundi alikuwa mbele ya kundi la wageni akieleza jinsi mamothi alivyotumia pembe kufagia theluji ili apate majani chini yake. Alikuwa akionyesha kwa mkono, kushoto, kulia, kama mtu anayefagia ua. Mtafiti alikuwa nyuma yao, juu ya ngazi, anafuta vumbi, na jambo lile likamjia wakati huohuo likamtoka kinywani hapohapo. Akasema, "Lakini Baba, sehemu iliyosuguka inatazama dari. Theluji ilikuwa darini?"

Wageni wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha watu waliolipa kiingilio. Fundi akasema, "Binti, wewe umekuja huyu keshasimama," akamaliza maelezo yake, akawashukuru wageni, na saa ya chakula kantini akahamia meza ya dirishani.

Miaka tisa ikapita hivyo. Kazi haikulala, jamani, nisije nikawasingizia. Walifanya kazi bega kwa bega, ila maneno yalipita kwa Mlinzi. Fundi alisema, "Mwambie Mtafiti gundi imeisha." Mtafiti yuko hapo, hatua tatu. Alisema, "Mwambie Fundi nimeagiza." Mlinzi alikuwa akigeuza kichwa kama anayetazama mpira wa meza, na alipoumwa shingo alikwenda hospitali, daktari akamwuliza anabeba nini kazini. Chumvi ya kantini nilikuwa naipeleka mimi, kutoka meza yake mpaka ya mwenzake. Mwishowe nikanunua ya pili.

Kama mtauliza Fundi alijua lini kwamba pembe ziko kinyume, mkewe ana jibu. Anasema alijua tangu siku aliyokasirika, kwa sababu mtu aliyesingiziwa huwa hachukii kwa muda mrefu hivyo. Nami nakubali. Nilimwona akipita mbele ya mnyama miaka yote hiyo na macho chini, mtu ambaye zamani alikuwa akimwamkia.

Katikati ya mwezi huu wakubwa walikaa kantini kupanga kazi za nusu ya pili ya mwaka. Fundi alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kupimwa macho, na kliniki ikawa imefungwa, akarudi mapema. Nilikuwa namimina chai. Mkurugenzi akasema zile pembe zirekebishwe sasa, mashine ya kukodi imepatikana bei nafuu. Mtafiti akasema, "Si kabla hajaondoka. Nimesubiri miaka tisa, wiki chache hazitaniua." Mkurugenzi akasema Fundi atakuwa nyumbani amepumzika, hatajua. Mtafiti akasema, "Atajua. Lakini hatakuwa amesimama hapa watu wanamtazama."

Fundi alikuwa mlangoni, na kikombe chake mkononi.

Kila mtu akasoma meza. Fundi akauliza, "Biskuti zimekwisha?" Nikamwambia zipo. Akasema basi, hana njaa, akaondoka.

Hakuonekana kantini siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Ya nne nikachukua birika nikamfuata ukumbini. Nilimkuta amekaa kwenye kile kiti cha wageni wazee, anamtazama mnyama usoni. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba huyu aliota magego mara sita, na ya sita yakisagika hapati mengine. Anasimama kwenye majani tele hana cha kuyatafunia, anakufa. Sasa wewe uko kwenye ya sita. Utayamaliza kwa kutafuna kinyongo?"

Akasema, "Bibi, walikuwa wananisubiri niondoke."

Nikasema, "Walikuwa wanakustahi. Kukustahi kumemgharimu yule mtoto miaka tisa ya kuona kosa kila asubuhi na kufunga mdomo. Wewe ungeweza?"

Nikamwachia birika. Nyumbani, mkewe ananiambia, alikula nusu sahani, na yeye hakumbembeleza. Alikuwa anapiga pasi. Alisema tu, "Wanawake wawili umeoa. Mmoja umemwacha miaka yote hii amevaa nyuma mbele, mbele za watu. Na mimi siku nikifa, nakuomba, anivalishe mwingine."

Jumatatu asubuhi Fundi alikuja na winchi ya mnyororo, kamba, na magodoro mawili ya nyumbani kwake. Ukumbi ukafungwa kwa wageni. Akasimamisha jukwaa la vyuma upande huu na upande huu wa kichwa. Akamwambia Mlinzi, "Mwambie Mtafiti aje ashike pembe." Mtafiti alikuwa amekwisha kufika, amevaa lile koti la kushonewa, ambalo sasa linambana kidogo. Akasema, "Mwambie Fundi nipo."

Wakapanda, kila mmoja upande wake, na Mlinzi chini kwenye mnyororo. Wengine tulisimama ukutani. Nilikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi na sijui kwa nini.

Ya kwanza ilikubali vizuri, ikashuka, ikalazwa kwenye godoro kama mgonjwa. Ya pili ndiyo iliyokaza. Chuma cha ndani kilikuwa kimeshika kutu, na ilipoachia iliachia ghafla upande wa Fundi, ikaning'inia nusu. Mlinzi akavutwa na mnyororo mpaka akasimama kwa vidole, mishipa imemtoka shingoni, ileile shingo. Fundi akasema, "Mwambie Mtafiti ainue kwake." Mlinzi hakuwa na pumzi ya kumwambia mtu yeyote kitu chochote. Pembe ikasogea tena. Ilikuwa imekaa duniani tangu enzi za barafu, na ilikuwa inakwenda kuvunjika mbele yetu kwa kukosa mtu wa kupeleka salamu.

"Binti," Fundi akasema. "Inua kwako."

"Nimeinua, Baba."

"Zaidi kidogo."

"Naenda nayo. Shika."

"Nimeshika. Mtoto wa mwenzio."

"Najua, Baba."

Ikateremka. Ilipogusa godoro hakuna aliyesema neno, isipokuwa Mlinzi, ambaye alisema neno ambalo haliandikwi kwenye programu ya sherehe.

Wakapumzika wamekaa kwenye jukwaa, miguu inaning'inia, mnyama bila pembe katikati yao anaonekana kama mzee aliyevua miwani. Mimi nikapitisha chai juu kwa kamba. Wakati wa kurudisha pembe, Mtafiti akasema, "Tuanze ya kushoto."

"Kushoto kwa nani?" Fundi akauliza.

"Kwake. Kwa mnyama."

"Hivyo ndivyo ulivyotakiwa kusema tangu mwanzo."

"Nilisema."

"Ulisema mbele ya wageni."

Mtafiti akatazama mikono yake. "Hilo lilikuwa kosa langu, Baba. Nilijua kabla hawajamaliza kucheka."

Fundi akaipangusa pembe kwa kiganja, ile sehemu iliyosuguka, taratibu. "Na hili ni langu," akasema. "Nililijua wakati huohuo."

Zikapanda. Ncha zikageuka ndani, zikatazamana, na ile sehemu laini iliyosuguliwa na theluji ikatazama chini, mahali ambapo theluji huwa. Mnyama akabadilika. Sijui niseme vipi. Zamani alikuwa kama anayewapungia watu. Sasa anaonekana kama mtu mwenye kazi yake, ameinamisha kichwa, anatafuta chakula cha wenzake. Mkewe Fundi aliitwa, akaja na futi yake ya kupimia shingoni, akamzunguka mara moja, akasema, "Sasa anapita mlangoni." Fundi akasema hawakuwa na milango. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na kwa jambo ambalo mwenyewe alilisema, Fundi wa Mifupa akacheka, mpaka ikabidi akae kwenye godoro.

Mchana ule alirudi kwenye meza isiyoyumba. Mtafiti akaja na sahani yake, akakaa. Fundi akamsogezea chumvi kwa mkono wake. Ile chumvi ya pili nimemrudishia mwenye duka, akakataa kuipokea.

Nembo ya getini itabaki na pembe za zamani mpaka rangi itakapochujuka, Mkurugenzi amesema, na vikombe vitabaki mpaka vivunjike. Kwa mipini ile si muda mrefu.

Limebaki la zawadi. Kamati ilikuwa imechagua saa ya ukutani. Fundi akasema ana ukuta mmoja na una saa. Akasema kama wanataka kumpa kitu, wampe kibao kidogo hapo chini ya mnyama, na maneno yake ayasome mwenyewe kwanza. Kibao kimewekwa jana. Kinasema: "Fundi wa jumba hili aliziweka kinyume pembe za mamothi huyu. Mtafiti wa jumba hili aliligundua kosa. Wamelirekebisha pamoja." Mtafiti alitaka mstari wa kwanza ufutwe. Fundi akamwambia, "Uache, Binti. Bila huo, watoto watadhani tulizaliwa tunajua." Sasa akipita mbele ya mnyama anainua uso, nami nimemsikia akimwamkia.

Fundi, kwa niaba ya wote hapa, ahsante. Ahsante kwa mbavu, kwa kidole cha mti, kwa turubai, na kwa kuwafundisha watoto wa watu habari za kile kifuniko. Umetuachia mnyama aliyesimama sawasawa na binti anayejua kubeba mfupa. Si kila anayestaafu huacha hata kimoja. Mke Mwenza tutamfuta vumbi. Mke mkubwa sasa ni zamu yake, nenda ukamshikie kitambaa anapokata. Tunakuombea siku ndefu zenye afya na kicheko kama cha Jumatatu, na kantini yangu kwako haina kiingilio. Magego ya sita bado yana makali, mwanangu. Tafuna polepole.